Transfa ya Mkono

Shangazi alipogoma mara ya pili ndani ya juma moja, alikuwa na keni kumi na nne za maziwa mgongoni na tope hadi kwenye bampa. Shangazi si mtu. Ni pikapu kuukuu ambalo mwenyewe alilibatiza jina hilo kwa sababu, alivyopenda kusema, lilikuja lilipotaka na lilitaka kubembelezwa kabla ya kuondoka. Siku hiyo lilibembelezwa mpaka basi. Dereva alibonyeza kitufe cha foro, kile cha kuyaamuru matairi yote manne yavute pamoja, na taa ya kijani kwenye dashibodi ikapepesa, ikapepesa, isiseme ndiyo wala hapana. Matairi ya nyuma yakazunguka na kurusha tope. Ya mbele yalikaa tu kama wageni wanaosubiri chai.

Mkewe alishuka, akavua viatu, akasukuma. Wafugaji wawili waliokuwa wanarudi makwao wakaja kusaidia, kisha mmoja akakumbuka kwamba ana shughuli zake. Walipofika kituo cha maziwa ilikuwa saa tano kasoro, na maziwa mwisho wa kupokelewa ni saa tatu. Karani alifungua keni ya kwanza, akanusa, akafunga. Akafungua ya pili. Ya tatu hakuigusa.

"Haya yamechacha," alisema.

"Yote? Hujanusa yote," dereva akasema.

"Mzee wangu, sina pua ya ziada." Karani alichukua kalamu. "Kanuni unaijua. Msimu wa mvua mtu anaruhusiwa kukosa mara mbili. Leo ni ya pili. Ya tatu, njia anapewa mwingine, na mwingine mwenyewe ameshaleta barua. Ana gari la juzijuzi."

Mke alikuwa amesimama mlangoni, miguu imeganda tope, viatu mkononi. Kwa miaka tisa hiyo njia ya maziwa ndiyo ilikuwa chakula chao, karo yao na salamu zao kwa watu. Yeye alipima maziwa ya kila mfugaji kwa kijiti cha kioo kinachoonyesha kama yametiwa maji, mumewe akaendesha na kupakia, na kule mlimani wote wawili waliitwa watu wa maziwa kana kwamba ni ukoo. Wakikosa mara moja tu tena, ukoo umekwisha.

* * *

Fundi alilala chini ya Shangazi kwa muda mrefu, miguu nje, akigonga huku na kule. Zamani huyu fundi alikuwa utingo wa dereva. Alikaa nyuma na keni akiwa amepakata gogo, na gari likisimama mlimani aliruka kulitupa chini ya tairi lisirudi. Akichelewa, alipata kofi la kisogo. Kutokana na gogo hilo aliitwa Gogo, na sasa ambapo alikuwa na gereji yake, mashine ya kuchomelea na vijana wanne chini yake, watu wote walimwita Injinia. Dereva peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Gogo, tena kwa sauti.

"Gogo! Umelala humo?"

Fundi alitoka, akajifuta mikono. "Transfa imekufa, baba, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Gia zenyewe nzima. Iliyokufa ni mota ya kuibadilisha, na kile kidude chake cha umeme kinachopokea amri ya kitufe. Maji yameingia."

"Badilisha mota."

"Mpya ukiuliza bei utakaa chini. Kuukuu ninaweza kukutafutia, lakini mvua ijayo utarudi hapa hapa." Alifikiri kidogo. "Ninayo transfa ya mkono. Nimeitoa kwenye gari lililoungua mbele, nyuma lilikuwa zima. Haina mota, haina waya, haina taa. Unavuta mkono mwenyewe, foro inaingia. Nitatoboa sakafu kupitisha mkono, nibadilishe na flenji ya kuungia shafti, basi. Hiyo haiwezi kukusumbua mpaka unazikwa."

"Unanirudisha nyuma miaka thelathini."

"Ninakurudisha barabarani, baba."

Akataja bei. Akasema ameondoa malipo ya ufundi, anataka pesa ya kifaa tu, na labda hilo ndilo lililomuuma dereva kuliko bei. Alitazama pembeni. Madereva wengine wawili waliokuwa wamekaa kwenye tairi bovu walinyamaza ili wasikie vizuri.

"Nani kakuomba uniondolee ufundi?" dereva alisema. "Mimi si ombaomba."

"Tutaleta," mkewe akadakia haraka. "Wewe anza kufungua. Pesa tutaleta kesho."

Njiani mume alitangulia mbele mpaka wakakaribia nyumbani. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "Utaleta kutoka wapi?"

"Kuna mabati."

Mabati yalikuwa kumi na mawili, mapya, yamelazwa chini ya kitanda yakiwa bado na karatasi katikati. Miaka miwili walikuwa wakiyanunua moja moja, kwa ajili ya chumba cha kulala ambacho paa lake lilivuja pembe zote isipokuwa ile ya mlango. Binti yao alikuwa amezoea kulala amejikunja hapo kwenye pembe ya mlango na daftari zake ndani ya mfuko wa plastiki.

Asubuhi walimpelekea mwenye duka aliyewauzia. Yeye aliyagonga kwa ukucha, akayageuza, akatafuta kutu pasipo na kutu. "Yametumika haya," akasema.

"Yametumika wapi? Chini ya kitanda?" mke akamuuliza.

"Yakishatoka dukani yametumika, mama. Ndivyo biashara ilivyo." Akawapa nusu. Majirani walikuwa wameyaona yakipita barabarani vichwani mwa mume na mke, na mmoja aliuliza kwa huruma nyingi kupita kiasi kama wanahama.

* * *

Kazi ilichukua siku moja na nusu, na katika siku hizo walikodi gari la mtu kubeba maziwa, wasipate faida hata ya chumvi, ilimradi wasikose. Siku ya pili mchana Shangazi alishushwa kutoka juu ya mawe. Katikati ya sakafu, nyuma ya mkono wa gia wa kawaida, palichomoza mkono mwingine mfupi wenye kirungu cheusi. Ulikuwa umeinamia kidogo upande wa abiria, maana chini upande wa dereva kulikuwa na boriti ya chesisi, na fundi hakutaka kuikata.

Mke alilipa pesa kwa kijana wa fundi, akavuka barabara kununua oili. Akiwa pale dukani, alimwona fundi ameinama dirishani kwa mumewe, mkono mmoja ndani ya gari, akieleza. Mumewe alikuwa anatazama mbele kupitia kioo. Wale madereva wawili walikuwa wamesogea.

Aliyoyasema fundi ni haya, na yeye mke aliyasikia baada ya siku tano, tena mbele za watu:

"Baba, sikiliza vizuri. Ile ya kitufe ilikuwa inajifunga yenyewe. Hii hapa katikati ina N. Mkono ukikaa hapo, transfa imejitoa. Hata uache gia ya kwanza, gari halijashikwa na kitu. Na hendibreki najua huna, ilikufa nikiwa utingo wako. Kwa hiyo ukisimama mlimani angalia mkono uko wapi, halafu weka gogo. Mwambie na mama, maana yeye ndiye anayekaa upande huu na keni yake."

"Gogo," dereva alisema, "wewe wa kunifundisha mimi habari za gogo?"

Madereva wakacheka. Hawakumcheka fundi wala hawakumcheka dereva, walicheka tu kwa sababu mchana ulikuwa mrefu. Lakini masikio ya dereva yalipata moto.

"Ninasema kwa usalama, baba."

"Nimekuelewa. Nimekuelewa! Toa mkono wako, niondoke."

Mke aliporudi na oili, alipanda na kuuliza, "Alikuwa anasema nini?"

"Porojo za mafundi," mumewe akajibu, akawasha gari.

* * *

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kilima kilikuwa kama sabuni. Chini ya mwinuko mume alisimama, akakanyaga klachi, akavuta kile kirungu. Kulisikika mlio mzito, kama mtu amefunga mlango wa stoo. Shangazi alitikisika, matairi ya mbele yakauma tope, akapanda. Alipanda taratibu bila papara mpaka juu kabisa.

Mume alicheka. Alicheka kwa sauti na kupiga usukani, na mkewe alipomtazama aliona yale meno ambayo hakuwa ameyaona tangu mvua zianze.

"Umeona? Umemwona Shangazi?"

"Nimemwona."

"Chuma hiki! Hakuna cha taa wala kitufe."

"Si ulisema tunarudi nyuma miaka thelathini?"

"Basi ndiyo, tumerudi. Wewe mwenyewe miaka thelathini iliyopita hukuwa mbaya."

Mke alimpiga begani kwa kijitabu alichoandikia maziwa ya wafugaji. Siku hiyo walifika kituoni saa mbili na dakika kumi. Karani aliitazama saa yake, akaitazama ya ukutani. Siku ya pili wakafika vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Usiku mke alilala kwenye godoro lenye unyevu akihesabu kichwani itachukua miezi mingapi kuyanunua mabati upya, na hesabu ilikuwa ndefu lakini ilikuwa na mwisho.

Siku ya tano walisimama kama kawaida pale wanaposubiri wafugaji wengi, kwenye mteremko wa kushukia bondeni. Kushoto ni ukuta wa udongo, kulia ni korongo. Mume alizima injini, akaacha gia ya kwanza, akashuka kwenda nyuma. Ndivyo walivyofanya kwa miaka tangu hendibreki ife na utingo aondoke. Gia ya kwanza ndiyo ilikuwa breki yao, na hawakuwahi kujuta.

Ndani ya gari, kati ya magoti ya mke, ilikaa keni ya mfuniko mbovu. Hiyo haikupakiwa nyuma kamwe kwa sababu ilimwaga. Alisafiri nayo miguuni akiwa ameushika mfuniko. Mume alipokuwa bado amekanyaga breki, yeye aliisukuma kando kwa paja ili apate pa kupitisha mguu, kama alivyoisukuma kila asubuhi. Keni ikaegemea kile kirungu cheusi. Kirungu kikasogea, laini, bila kelele. Alidhani ni keni iliyosogea.

Akashuka, akatoa kijiti chake, akaanza kupima. Gari lilitulia. Tairi la mbele lilikuwa limekaa nyuma ya tuta dogo la tope, na hilo tuta ndilo peke yake lililokuwa limelishika. Mume na wafugaji wakapakia keni ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila keni ilitua kwa kishindo. Ya sita ilipotua, Shangazi akaondoka.

Aliondoka polepole sana, kwa adabu, hata mtu mmoja akauliza nani yuko kwenye usukani. Kisha mume akapiga ukelele. Alikimbia, akashika mlango, akaufungua, akatia mguu mmoja ndani. Mguu wenye tope ukateleza. Aliburutwa hatua nyingi akiwa ameng'ang'ania kitasa kwa mikono miwili, mkewe akipiga kelele, "Achia! Achia, baba watoto, achia!" Akaachia. Gari lilifika kwenye kona, kona ikapinda, gari lisipinde.

Hapakuwa na mlipuko wala moto. Ulisikika mshindo mmoja, halafu mlio wa keni moja moja zikibiringika korongoni, ndefu, kama hazitaki kwisha. Maziwa yalishuka juu ya udongo mwekundu yakafika kwenye maji ya mvua yakapotea. Mama mmoja mfugaji, ambaye keni yake ilikuwa bado haijapakiwa, aliiinua taratibu akaiweka kichwani, akaanza kurudi alikotoka.

* * *

Fundi alikuja na pikipiki, mkoba wa spana begani. Alikuwa amepigiwa simu na sauti iliyokuwa inatukana.

"Njoo uone! Njoo uone ulichonifungia!" mume alisema alipomwona tu. Viganja vyake vilikuwa vimechunika ngozi yote, amevinyanyua mbele yake kama mtu anayeomba. "Takataka ya gari lililoungua! Niliuza bati la nyumba yangu ukanifungia takataka! Watu wote hawa maziwa yao yako huko chini kwa sababu yako!"

Wafugaji walikuwa ishirini au zaidi. Karani naye alikuwa amefika, viatu vyake vya ofisini vimezama tope, na pembeni yake yule bwana mwenye gari la juzijuzi, ambaye alijaribu kuonekana kama amepita tu. Fundi alishuka korongoni kwa kujishika kwenye vichaka, akaingiza kichwa ndani ya kile kilichobaki cha kebini. Alikaa humo kidogo. Alipopanda, alisema kwa sauti ya chini, lakini palikuwa kimya.

"Mkono uko kwenye N. Keni imebanwa pale pale, imeuegemea."

"N ndiyo nini?" karani akauliza.

Fundi akaeleza yote, neno kwa neno, kama alivyoyaeleza dirishani siku ile. Mke aliyasikia kwa mara ya kwanza. Aliposikia "mwambie na mama," aligeuka. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama viganja vyake.

"Mama," fundi alimgeukia. Huyu mama alimpakulia chakula miaka minne alipokuwa utingo, na hakupenda kumuuliza. Lakini jina lake la ufundi lilikuwa limetukanwa mbele ya watu ishirini. "Mama, hukuambiwa habari za hii N?"

Wote wakamtazama yeye.

Aliyawaza mambo mengi kwa muda mfupi. Gari limekwenda, na njia imekwenda nalo. Mwenye kuichukua huyo hapo anakung'uta suruali. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijaanguka korongoni, nacho ni jina la mumewe kwamba ni dereva. Leseni yake haina doa. Kesho anaweza kwenda kwa mwenye lori au mwenye basi akaomba kazi. Lakini nani atampa gari mtu aliyeambiwa na fundi wake, akaona haya kufundishwa, akanyamaza? Yeye mke hakuwa na leseni. Hakuwa na jina la kuharibu.

"Niliambiwa," alisema. "Nikasahau."

Mnong'ono ukapita kati ya wafugaji. Mmoja alicheka kwa uchungu, mwingine akasema, "Mwanamke na keni yake," na mwingine akatema mate kando. Fundi alimtazama muda mrefu. Alijua. Akainama akaokota mkoba wake.

"Basi," alisema. "Poleni." Akapita mbele ya mumewe akaiendea pikipiki.

Mume aliinua macho, akamtazama mkewe. Macho yake yalikuwa na maji. Ndicho kitu ambacho mke alirudi nacho nyumbani siku ile, yale macho, na kwa muda kilimtosha.

* * *

Viganja vilichukua wiki tatu kupona. Kwa wiki tatu mke alimlisha kwa kijiko, akamfunga vifungo, akamnyoa. Hawakuzungumza habari ya N. Alidhani mumewe anatafuta maneno, akampa nafasi ya kuyatafuta.

Mume alipopona alianza kuzunguka kuomba kazi. Alirudi jioni na kusimulia. Mwenye lori wa kwanza aliuliza habari za ajali, kwa sababu habari ilishafika. "Nikamweleza kwamba si mimi," alisema, akiwa ameinamia sahani. "Ikabidi. Nikamwambia mke alikuwa ameambiwa." Wa pili naye aliuliza, wa tatu pia. Kila mara alieleza, na kila mara alipoyaleta nyumbani, yale maelezo yalikuwa yamenyooka zaidi. Mwanzoni alisema "ikabidi." Baadaye hakusema. Baadaye akaongeza kwamba fundi mwenyewe alimweleza mke wake pale gereji, yeye akiwa kando. Wenye magari walitikisa kichwa, wakampa pole, wasimpe kazi.

Sokoni mke aliitwa yule aliyeambiwa. Wafugaji waliompikia chai miaka tisa waligeuza shingo. Asubuhi aliamka saa ile ile ya maziwa, kwa mazoea, na kulisikia gari la juzijuzi likipita na kupiga honi pale pale walipokuwa wakipiga wao.

Kisha zikaja zile mvua nzito za mwisho wa msimu. Jioni moja paa lilianza kuvuja mahali papya, juu ya pembe ya mlango, matone yakaanguka kwenye daftari la binti yao aliyekuwa anafanya kazi yake ya shule.

"Sogea huku, mwanangu," mama alisema, akisogeza kitanda. Kisha, bila kumlaumu mtu, kama anayezungumza na paa lenyewe, "Yale mabati yangekuwapo, leo tungelala pakavu."

Mume aliweka kikombe chini kwa nguvu.

"Na nani aliyafanya yaende bure?" aliuliza. "Nani? Si uliambiwa wewe? Mtu anakaa anakueleza hiki hivi, hiki hivi, unaambiwa kabisa, halafu unasahau! Sasa unanililia mabati!"

Binti aliinua kichwa, akamtazama baba, akamtazama mama.

Mama alimtazama mumewe usoni. Alitafuta jicho liyumbe, mdomo utetemeke, chochote cha kuonyesha kwamba anajua anachokisema na anaona haya. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa hasira ya kweli, ya mtu aliyekosewa na mkewe na amevumilia vya kutosha. Alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, na sasa aliikumbuka hivyo.

Angeweza kusema. Binti alikuwa pale, anasubiri.

"Niliambiwa," alisema, akaenda jikoni kuleta ndoo nyingine.